NIPT, sindano ya maji ya chupa au kungoja skani: namba ikikutisha, ufanye kipi?

Namba yangu ilikua 1 kwa 68. Miaka 38, mimba ya tatu, wiki ya 12 na siku tatu, nimeenda ile skani ya kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto na damu nikatolewa siku hiyohiyo, baada ya siku tatu naitwa nikachukue majibu, nafika yule dada wa mapokezi anipa bahasha, ndani karatasi imepigwa mstari mwekundu pale palipoandikwa hatari kubwa ya Down sindromu, ile hali ya mtoto kua na kromosomu ya 21 iliyozidi, daktari hayupo mpaka Jumatatu. Siku yenyewe Ijumaa na adhuhuri ishapita. Niliisoma ndani ya tuktuk na mpaka leo sikumbuki yule kijana nilimlipa ngapi.

Tangu hapo nshaulizwa na wanawake kama sita hivi, mashoga na mashoga wa mashoga, na swali ni lilelile: nikafanye ile damu ya bei iitwayo NIPT, nikadungwe tumboni nitolewe maji ya chupa ya uzazi, ama niache tu Mungu ndo ajuaye? Na wote wanalinganisha kwa sindano. Hii yaingia tumboni, hii ni ya mkononi, basi ya mkononi ndo nzuri. Mimi naona hapo ndo twakosea manake sindano ni jambo la dakika mbili tatu, kinachokusumbua baadaye ni jibu la aina gani limerudi na limerudi wiki ya ngapi. Kwa hivo ntalinganisha kwa hayo mawili. Daktari mimi si daktari, nauza vitambaa, lakini nilisoma mpaka macho yakaniuma na maswali nilimuuliza daktari mpaka akaniwekea kiti cha pili cha mume wangu aje asaidie kusikiliza.

Kwanza hiyo namba yenyewe

Kile kipimo cha mwanzo cha wiki 11 mpaka 14 hakisemi mtoto ana nini, hukadiria tu. Wanachukua umri wako, unene wa yale maji ya shingoni, na vitu viwili kwenye damu vinavyotoka kwa kondo, kimoja huitwa PAPP-A na kingine ni ile homoni ya mimba, hCG, kompyuta inapiga hesabu, inatema namba. Umri peke yake una hesabu yake: mama wa miaka 20 ni kama 1 kwa 1,500 kupata mtoto wa Down sindromu, wa 35 ni kama 1 kwa 350, wa 40 ni kama 1 kwa 100. Mimi wa 38 umri peke yake haungenifikisha 68, kuna kitu kilivuta, na kusoma ile karatasi vizuri ni PAPP-A yangu iliyokua chini. Maji ya shingoni yalikua kawaida. Hili la kujua ni kipi kilichovuta litarudi huko chini kwa hivo likumbuke.

Sasa 1 kwa 68 ni nini. Mume wa mamangu mdogo ni dereva wa matatu, yeye ndo alonielewesha, si daktari. Akanambia chukua matatu tano za abiria 14, zijaze waja wazito wenye karatasi kama hiyo yako, zipange pale Mwembe Tayari hapa Mombasa, hao ni kama watu 70. Ndani ya matatu zote tano mmoja tu ndo mtoto wake ana hiyo hali. Wengine wote watateremka na watoto wasio nayo. Usiku ule nilipata usingizi kidogo, ingawa shetani naye hakuacha kunambia huyo mmoja ni wewe.

Kitu kingine, angalia fomu kabla ya kulia. Umri wako umeandikwa sawa? Uzito? Kama ni pacha wanajua? Wajua kua na kisukari pia huingizwa kwenye hesabu? Na kwa wale walofanya kile kipimo cha damu cha wiki 15 mpaka 20, hapo tarehe ndo mwiba wenyewe, manake homoni hupanda na kushuka kila wiki, ukihesabiwa wiki 18 na kumbe uko 16 namba yote ni upuuzi. Shoga mmoja wa Kisauni alitishwa wiki mbili nzima, skani ikaja kuonyesha tarehe zilikosewa, hesabu ikapigwa upya ikawa haina neno.

Damu ya NIPT

Hii ndo niliyofanya mimi. Msingi wake ni kwamba ndani ya damu ya mama huelea vipande vya DNA vinavyotoka kwa mimba, jambo ambalo Dennis Lo na wenzake waliliandika 1997, na mahospitali yakaanza kulitumia kupima Down sindromu 2011. Yaeza kufanywa kuanzia wiki ya 10. Unatolewa damu mkononi kama ya malaria, umemaliza, wenda zako sokoni.

Kwa Down sindromu hushika zaidi ya watoto 99 kwa kila 100 walio nayo, na hukosea kumsingizia asiye nayo kama mara moja kwa wanawake 1,000 ama hata chini ya hapo. Ukisikia hivo wasema basi imeisha, hiki ni kipimo cha uhakika. Hapana. Na hapa naomba usome polepole manake hapa ndo watu huumia.

Vile vipande vya DNA vyatoka kwa kondo, si kwa mtoto mwenyewe. Mara nyingi kondo na mtoto ni kitu kimoja, mara chache hawafanani. Pia yaeza kua pacha aliyekufa mapema na DNA yake bado yazunguka. Kwa hivo NIPT ikisema hatari kubwa bado hujaambiwa mtoto ana Down, umeambiwa nenda ukathibitishe, na kuthibitisha ni ileile sindano uliyokua unaikimbia.

Na lile jibu uzito wake wategemea uliingia na namba gani. Nilipiga hesabu na mtoto wangu mkubwa kwa daftari yake ya hesabu: wanawake 68,000 wenye namba kama yangu, 1,000 watoto wao wana Down, NIPT itawashika 990, halafu katika wale 67,000 wengine itawasingizia 67. Kwa hivo anaeambiwa hatari kubwa, ni kweli kwa zaidi ya mara tisa katika kumi. Sasa chukua msichana ambae namba yake ni 1 kwa 1,000, amefanya NIPT kwa sababu tu ataka kujua mapema ni wa kike au wa kiume. Wakiwa milioni moja, 990 ni kweli na kama 1,000 wamesingiziwa. Nusu kwa nusu! Kipimo ni kilekile, maabara ni ileile, karatasi ni ileile.

Upande wa pili ndo ulonifurahisha. Ikirudi hatari ndogo, ile 68 yangu inageuka kua 1 kwa elfu sita na kitu. Si sufuri. Lakini kwangu mimi ilitosha nikala mahamri yangu kwa raha.

Ubaya wake. Bei, hiyo ni makumi ya maelfu ya shilingi, na usitegemee bima italipa, uliza kwanza kabla ya kutoa mkono. Muda, yangu ilipelekwa nje ya nchi na ikachukua siku 13. Kuna wakati hairudishi jibu kabisa kwa sababu DNA ya mimba ni kidogo kwenye damu, na hili huwapata zaidi kina mama wenye mwili mkubwa, unaambiwa urudie na siku zinakwenda. Halafu huangalia kromosomu chache tu, ya 21, ya 18, ya 13, na zile za jinsia ukitaka. NIPT haioni moyo, haioni uti wa mgongo, haioni mengine mengi.

Sindano ya maji ya chupa

Yani amnio. Shoga yangu wa Bamburi tulijuana kwenye benchi la kliniki, yeye maji ya shingoni ya mtoto wake yalikua milimita 4.1, na kawaida yakifika 3.5 madaktari huacha kubembeleza. Akaulizwa kama ataka NIPT kwanza akasema hapana, nataka kitu kimoja kinachomaliza.

Hufanywa kuanzia wiki ya 15, si kabla. Unalala, skani iko juu ya tumbo muda wote, daktari atafuta mfuko wa maji palipo mbali na mtoto, sindano nyembamba yaingia, yavuta mililita 15 mpaka 20 hivi, hiyo ni kama vijiko vitatu vinne vya chai, basi. Mtoto huyarudisha mwenyewe hayo maji kwa kukojoa. Shoga yangu yuwasema dungo lenyewe ni kama la kutolewa damu, kilichomshtua ni ule mkazo wa tumbo baadaye kama maumivu ya hedhi, na siku mbili hakubeba hata ndoo. Ni lazima urudi mbio ukiona maji yanavuja, damu, homa ama maumivu yanayozidi.

Ndani ya yale maji mna seli za mtoto mwenyewe, si za kondo. Kwa hivo hili ni jibu, si kadirio. Jibu la haraka la kromosomu zile kuu laeza kutoka siku mbili tatu za kazi tangu maabara ipokee, na picha kamili ya kromosomu zote wiki mbili mpaka tatu.

Hofu ya wote ni mimba kutoka. Kwa miaka mingi watu walikua wakiambiwa 1 kwa 100 na ndo namba ambayo mavyaa wangu ataitaja mpaka kesho. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kwenye mwongozo wake wa 2021 kinasema nyongeza ya hatari ni chini ya 0.5 kwa 100, yani chini ya mmoja kwa 200, kwa daktari aliyezoea. Hilo la daktari aliyezoea ndo muhimu kuliko namba yenyewe. Muulize bila haya, daktari wewe mwaka huu umefanya ngapi? Kama hapa Mombasa hamna aliye na mkono wa kila siku, panda treni pale Miritini ni kama masaa matano sita wafika Nairobi, nenda na mtu wa kukusindikiza na ulale huko usiku mmoja, usirudi siku hiyohiyo ukisukumwasukumwa.

Mambo mawili husahaulika. Ukiwa kundi la damu ni hasi, O hasi, A hasi, yoyote, lazima udungwe anti-D, dawa ya kuzuia mwili wako usipigane na damu ya mtoto, ndani ya masaa 72 baada ya amnio, angalia kitabu chako cha kliniki kabla ya kwenda na ukumbushe wewe mwenyewe. Na kama waishi na virusi vya UKIMWI au hepataitisi B mwambie daktari kabla ya kulala kitandani, si kwamba haiwezekani, ila wataka waone kiwango cha virusi kwanza kiko chini kabisa.

Jingine ambalo NIPT ya kawaida haikupi: kama wewe na mumeo wote mna chembe za selimundu, na hapa pwani tuko wengi, maji yaleyale yaeza kupimwa selimundu pia, lakini mpaka uombe, hawapimi wenyewe. Usonji je? Hapana, amnio haisemi usonji, wala mdomo sungura, wala mtoto atakua na akili za darasani au la. Kuna watu hudhani wakitoa maji wameshapewa mtoto aliyekaguliwa kila kitu.

Jibu la shoga yangu: kromosomu zote sawa. Alilia kwa furaha, akapika biriani. Halafu wiki ya 21 skani ya moyo ikaonyesha tundu. Manake shingo nene na kromosomu sawa haimaanishi hamna kitu, moyo huangaliwa vilevile, na daktari alikua ashamwambia ila yeye alisikia ile nusu ya kwanza tu. Hata mimi ningesikia hiyo tu.

Kile cha kondo

Kwa ufupi, CVS hukatwa kipande kidogo cha kondo wiki ya 11 mpaka 14, hatari yake yakaribiana na ya amnio, faida ni kua wajua mapema. Kasoro, ni kondo, na kwa mmoja wawili katika kila 100 kondo husema kitu kisichoeleweka ukaishia kwenye amnio tu. Pia mtaalamu wake ni adimu zaidi. Kama umempata, na skani yashaonyesha kitu kibaya wiki ya 12, ni chaguo la maana. Vinginevyo sioni mtu wa Mombasa akilikimbilia.

Kutofanya chochote ila skani

Hapa watu huwasema wanawake vibaya na mimi sipendi. Wifi yangu wa Likoni miaka mitano iliyopita alipata namba mbaya wiki ya 17, akasema mimi huyu ni wangu akiwa vyovyote, sitaki sindano, sitaki damu ya bei. Hakua mjinga wala hakua na woga. Alikua ameamua, na mtu ambaye jibu halitambadilishia kitu hana haja ya kuhatarisha hata 0.1.

Alifanya skani ile kubwa ya wiki 18 mpaka 22, ikasomwa kawaida. Na yeye akaelewa kwamba basi yameisha. Hapo ndo alikosea, ama niseme hapo ndo hakuelezwa, manake karibu nusu ya watoto wenye Down skani hiyo huwapita bila kuonyesha kitu. Skani safi hushusha hofu, haiifuti. Mtoto alizaliwa, binti, na Down alikua nayo, iliyogunduliwa na nesi wa zamu usiku wa saa nane na akaropoka mbele ya watu wote wa wadi. Moyo wake uligunduliwa una shida akiwa na miezi mitatu, baada ya kusumbuka kunyonya, na watoto wa Down karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo, kwa hivo ni jambo ambalo lingetazamwa siku ya kwanza kama watu wangelijua.

Sasa binti yuko na miaka minne, ndo mkuu wa nyumba ile, ukiingia na viazi karai ukampita huendi popote. Nilimuuliza wifi, ungerudi nyuma ungefanya kipimo? Akafikiria. Akasema mtoto ningemzaa, lakini ningezalia penye daktari wa watoto, na ningelia miezi minne kabla badala ya kulia kitandani na maziwa yanatoka.

Kwa hivo wale wasemao kama hutoi mimba wapimia nini, mjibu ni huyo. Wapo wanaopima ili wajue wakazalie wapi.

Ukichagua njia hii ifanye vizuri basi: skani kubwa kwa mtu anaejua, skani ya moyo wa mtoto wiki 20 mpaka 24, na waambie wote wanaokushika, mpaka wa siku ya kujifungua, kwamba kile kipimo cha mwanzo kilikua na namba mbaya. Iandikwe kwenye kitabu. Na kama kilichovuta namba ni PAPP-A iliyo chini sana kama mimi, hiyo yenyewe ni sababu ya kufuatiliwa ukuaji wa mtoto na presha yako hata kama kromosomu ni sawa, hili hakuna alienambia nililiuliza mwenyewe.

Sasa uziweke kwenye kalenda

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la vipuri, na kalamu. Mimi namba nilipewa wiki ya 12. NIPT wiki ya 13, jibu wiki ya 15. Lingekua baya ningefanya amnio wiki hiyohiyo au ya 16, jibu la haraka kabla ya 17, kamili wiki ya 18 au 19. Nilikua na nafasi ya hatua zote mbili.

Shoga yangu aliambiwa wiki ya 12 vilevile, akangoja wiki tatu bila kufanya kitu mpaka 15, wiki tatu hizo anazisema ndo mbaya kuliko sindano. Jibu la kwanza alilipata kabla ya wiki ya 16 kuisha. Yani yeye wa sindano alimaliza karibu sawa na mimi wa damu, na yeye akamaliza kabisa.

Wifi namba ilikuja wiki ya 17. Angeanza NIPT angepata jibu wiki ya 19, ikiwa mbaya amnio ya 20, picha kamili ya 22 au 23. Huko ushajua mtoto yuwapiga teke. Kwa mwenye namba ya kuchelewa hivi mimi naona NIPT kwanza ni kupoteza siku, isipokua kama umeshaamua kwamba sindano hutaki katu.

Na hizi wiki zina mambo mengine nyuma yake ambayo kila nyumba huongea kimyakimya. Kikatiba, Ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 hairuhusu kutoa mimba isipokua mtaalamu wa afya aone kuna haja ya matibabu ya dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine iruhusu, kwa hivo jibu la kipimo peke yake si ruhusa. Kwa sisi Waislamu masheikh hutaja siku 120, pale mtoto anapopuliziwa roho, na hapo wengi huchanganya hesabu, siku 120 zahesabiwa tangu mimba kuingia na wiki za hospitali zahesabiwa tangu hedhi ya mwisho, tofauti ni wiki mbili, kwa hivo siku 120 yaangukia kama wiki ya 19 ya kitabu cha kliniki. Ukienda kumuuliza sheikh wako mpelekee hesabu iliyo sawa, na uende na ripoti ya daktari, usiende na uvumi. Mkristo naye ana padri au mchungaji wake. Mimi sitamwambia mtu afanye nini hapo.

Karatasi yako ikiwa hivi, mimi ningefanya hivi

Namba kama 1 kwa 50 mpaka 1 kwa 300, skani safi, shingo kawaida, uko chini ya wiki 14, na pesa ipo: NIPT, bila kufikiria mara mbili.

Shingo 3.5 au zaidi, au skani imeonyesha kitu kwenye moyo, tumbo, ubongo, popote: sindano moja kwa moja, na skani ya moyo juu yake. NIPT hapa yaeza kukupa jibu zuri la kromosomu tatu na tatizo likawa kwenye nyingine ambayo haikupimwa, ukapoteza pesa na wiki mbili.

Namba ni 1 kwa 5 au 1 kwa 8, sindano pia. Hata NIPT ikirudi nzuri hutalala.

Kile kilichokua juu ni AFP, protini inayotoka kwa mtoto, kwenye damu ya wiki 15 na kuendelea: hapo si Down watafuta, ni uti wa mgongo na ukuta wa tumbo, na wa kuangalia hayo kwanza ni skani nzuri kwa mtu mwenye jicho. NIPT haitakusaidia na chochote, usiuziwe.

Pesa hamna: msikope. Nimeona mtu amekopa chama ili afanye NIPT na akakosa pesa ya skani kubwa. Kama ni kuchagua, skani kubwa kwanza, halafu muulize daktari amnio kwenye hospitali ya serikali yapatikana vipi na kwa rufaa ya nani. Kuna wakati amnio inayofanywa kwa rufaa yaja kua nafuu kuliko NIPT ya binafsi, uliza bei zote mbili siku moja.

Na kama jibu halitabadilisha kitu, si pa kuzalia, si pa kujiandaa, si chochote, basi kaa kama wifi na skani zako.

Mume wangu alitaka amnio. Alisema tumalize. Mimi nilitaka NIPT, tukabishana mpaka majirani wakajua nina mimba. Hatukukubaliana kwa hoja, tulikubaliana kwa sharti: NIPT ikirudi mbaya, au ikikosa jibu, hatubishani tena, tunaenda sindano kesho yake. Tuliandika kwenye karatasi tukaibandika kwenye friji. Nyinyi pia amueni hatua ya pili kabla ya kufanya ya kwanza, manake siku jibu linafika kichwa hakifanyi kazi.

Na jambo la mwisho, ukitoa sampuli yoyote ile, damu au maji, waambie palepale ni nani atakaekupigia na saa ngapi. Mimi mara ya pili niliwaambia sitaki bahasha, nataka daktari mwenyewe anipigie, asubuhi, na isiwe Ijumaa. Alipiga Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, niko Kongowea nabishana bei ya nyanya, akanambia kaa chini kwanza. Nikakaa juu ya gunia la vitunguu la mtu.